Umeme Haulali Usingizi

1. Makaa hufunikwa

Juu ya mji wa Uvira, upande wa magharibi, imesimama milima mirefu ya Mitumba. Katika vijiji vya milima hiyo akina mama hupika kwa kuni. Usiku, chakula kikiisha kuliwa, mama halali mara moja. Kwanza huvuta kuni nje ya mafiga. Kisha hukusanya makaa mahali pamoja na kuyafunika kwa majivu. Huangalia kama hakuna cheche iliyorukia mkeka au majani makavu. Ndipo hufunga mlango na kwenda kulala.

Hakusoma kazi hiyo katika kitabu. Aliiona kwa mama yake, na mama yake aliiona kwa nyanya yake. Wote walijua neno hili: moto ukiangaliwa hupika, ukipewa kisogo huunguza.

Chini, katika mji, kando ya ziwa Tanganyika, nyumba nyingi zina moto wa namna nyingine. Moto huo hauna kuni, wala moshi, wala majivu. Hupita ndani ya waya, nao huitwa umeme. Kwa kuwa hauonekani, watu wengi husahau kuulaza kabla ya kulala wao wenyewe.

2. Shati jeupe

Siku ya Jumapili jioni, katika nyumba moja ya mtaa wa Mulongwe, mwanafunzi wa mwaka wa tano alikuwa akipiga pasi shati lake jeupe la shule. Alikuwa ametandika blanketi la zamani juu ya meza. Saa moja na nusu umeme ukakatika. Nyumba yote ikawa giza.

Mtoto huyo aliiacha pasi pale pale, imelala juu ya shati, na waya wake ukiwa katika prizi. Akatoka kwenda kukaa uani pamoja na wenzake. Baadaye walikula ndagala na ugali kwa mwanga wa tochi. Halafu wote wakaenda kulala. Mama alizima swichi za taa, lakini hakuna aliyeikumbuka pasi.

Siku hizo nyanya yao alikuwa ameshuka kutoka mlimani kuja kumtazama mtoto mchanga. Alilala juu ya mkeka katika chumba cha mbele. Saa sita usiku umeme ulirudi. Hakuna aliyejua, maana taa zote zilikuwa zimezimwa. Pasi peke yake ilijua. Ikaanza tena kazi yake juu ya lile shati, na hapakuwa na mkono wa kuiinua.

Nyanya aliamka akikohoa. Alisikia harufu ya nguo inayoungua. Akapiga kelele, "Moto! Moto! Amkeni!" Baba alikimbilia mita na kushusha swichi kubwa. Kisha akalivuta blanketi mpaka uani kwa mti wa fagio, akamwaga mchanga juu yake. Mama aliwatoa watoto nje mmoja mmoja, akawahesabu.

Walipoingia tena na tochi, waliona tundu jeusi katika ubao wa meza. Mtoto mchanga alikuwa amelala nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka mahali pale.

Nyanya akauliza, "Nani alilala bila kufunika makaa?"

Mtoto akajibu kwa sauti ndogo, "Nyanya, hapakuwa na moto. Umeme ulikuwa umekatika."

Nyanya akasema, "Mjukuu wangu, umeme ulitoka tu. Haukuaga. Nawe uliuachia mlango wazi, ukarudi tulipokuwa tumelala."

Mtoto hakujibu neno. Kesho yake alikwenda shule na shati la rangi nyingine, na mwalimu alipomwuliza sababu, alieleza mambo yote mbele ya wenzake.

3. Umeme watoka wapi?

Umeme wa Uvira hutoka katika mto Ruzizi. Mto huo hutoka ziwa Kivu, lililo karibu meta 1,460 juu ya bahari, ukashuka mpaka ziwa Tanganyika, lililo karibu meta 770 tu. Maji yanayoshuka hivyo yana nguvu nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtambo wa kwanza, Ruzizi I, ulijengwa karibu na Bukavu. Mwaka wa 1989 mtambo wa pili, Ruzizi II, ulianza kazi, nao ni wa nchi tatu pamoja: Kongo, Rwanda na Burundi.

Maji huzungusha mashine usiku na mchana. Mashine hutoa umeme, na waya huuleta mpaka nyumbani. Saa nane za usiku, watu wa Kalundu na Kavimvira wakiwa katika usingizi, maji ya Ruzizi bado yanashuka na mashine bado zinazunguka. Kwa hiyo prizi iliyo ukutani hailali. Kila mara inangoja chombo cha kupewa nguvu.

4. Kwa nini waya hupata moto?

Mtu akisugua mikono yake kwa nguvu, huona joto. Umeme nao ukipita katika waya huleta joto. Ukipita kidogo katika waya mnene, joto ni dogo hata halisikiki. Ukipita mwingi katika waya mwembamba, joto huwa kubwa. Pasi na resho vimetengenezwa kwa ajili hiyo hasa: ndani yake mna waya unaozuia umeme, nao hupata joto jingi. Joto hilo ni la faida. Lakini joto hilo hilo likitokea mahali pasipo pake, kwa mfano ndani ya ukuta wa mbao, huwa hasara.

Nguvu ambayo chombo hutumia hupimwa kwa wati. Taa ndogo ya siku hizi hutumia wati 10 hivi. Chaja ya simu ya kawaida hutumia wati 5 au 10. Pasi hutumia wati 1,000 au zaidi. Resho laweza kutumia wati 1,500. Basi pasi moja yala umeme kama taa mia moja!

Watu wengi huunganisha vyombo vingi katika kibao kimoja cha prizi. Vyombo vyote hivyo hunywa umeme kwa kupitia waya mmoja mwembamba wa kibao. Waya huo hupata joto, ngozi yake ya plastiki hulainika, kisha huyeyuka. Nyaya mbili za ndani zikigusana, cheche huruka. Kadhalika plagi isiyokaa imara katika prizi hutoa cheche ndogo ndogo, na prizi hugeuka nyeusi. Prizi nyeusi ni onyo. Mtu mwenye akili halipuuzi.

5. Hatari za usiku

Mchana, chombo kikianza kuungua, mtu husikia harufu mapema. Usiku watu wamelala. Moshi huwafikia kabla ya moto, na moshi wa plastiki una sumu. Mtu aliyelala aweza kuzimia kwa moshi bila kuamka. Hiyo ndiyo hatari ya kwanza.

Hatari ya pili ni kurudi kwa umeme. Katika Uvira umeme hukatika mara nyingi, na hakuna ajuaye saa ya kurudi. Unaporudi, mara nyingine hauji kwa upole. Huja na nguvu kupita kipimo kwa nukta chache, kisha hutulia. Nguvu hiyo ya ghafula huharibu televisheni, redio na friji. Tena, chombo kilichokuwa kikifanya kazi umeme ulipokatika huanza kazi yake tena, hata kama mwenyewe amelala au ametoka. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa ile pasi.

Hatari ya tatu ni radi. Zamani neno umeme lilikuwa jina la ule mwanga unaopasua mawingu, na mpaka leo ni jina lake. Mwaka wa 2016 wataalamu walitangaza hesabu ya miaka 16, iliyofanywa kwa chombo kilichokuwa kikiizunguka dunia angani. Waliona kwamba ziwa Maracaibo, katika nchi ya Venezuela, hupata umeme wa radi kuliko mahali pengine pote duniani. Mahali pa pili, na pa kwanza katika Afrika yote, ni karibu na Kabare, katika jimbo hili la Kivu ya Kusini. Kila kilometa moja ya mraba huko hupata mimuliko 205 hivi kwa mwaka. Radi ikipiga karibu na waya wa umeme, nguvu yake hufuata waya mpaka ndani ya nyumba. Chombo kilichochomolewa hakifikiwi kwa njia hiyo.

6. Kazi ya kabla ya kulala

Ng'ambo ya ziwa, huko Kigoma, prizi nyingi ni za namna ya Kiingereza: zina matundu matatu ya pembe nne, na swichi ndogo kando yake. Prizi za Uvira nyingi ni za namna ya Kibelgiji, zenye matundu ya mviringo. Hizo kwa kawaida hazina swichi. Basi hapa njia ya kuukatia chombo umeme kabisa ni moja tu, nayo ni kuichomoa plagi.

Mtu mwingine husema, "Nimekwisha kukizima chombo, yatosha." Haitoshi. Televisheni iliyozimwa kwa kidude cha mbali bado ina jicho jekundu. Jicho hilo ni alama kwamba umeme umo ndani. Chaja isiyo na simu bado inapokea umeme kidogo. Chaja nzuri haina hatari kubwa, lakini chaja mbovu ya bei ndogo hupata joto, na mtu hawezi kuzitofautisha kwa macho. Hata waya wa chombo kilichozimwa bado una umeme ndani yake, na panya akiutafuna huleta cheche.

Kila usiku fanya hivi:

Zunguka nyumba yote, chumba kwa chumba, kuanzia mlango wa mbele.

Zima chombo kwanza kwa swichi yake, kisha chomoa plagi. Anza na vyombo vya joto: pasi, resho na birika la umeme. Halafu televisheni, redio na chaja.

Shika plagi yenyewe kwa vidole vikavu. Usivute waya, maana waya ukivutwa kila siku hukatika ndani.

Usiguse prizi ukiwa na mikono yenye maji, wala ukisimama bila viatu juu ya sakafu yenye maji.

Usiweke simu inayopokea umeme chini ya mto wa kulalia au juu ya godoro. Joto lake hukosa njia ya kutokea. Iache juu ya meza au sakafu ya saruji, na ikiisha kujaa, ichomoe.

Pasi ya moto isimamishe juu ya kisigino chake mpaka ipoe. Usiilaze, hata kwa dakika moja.

Na umeme ukikatika jioni, usingoje saa ya kulala. Chomoa vyombo papo hapo. Acha taa moja tu imewashwa swichi yake. Taa hiyo itakuwa mjumbe: ikiwaka, watu watajua kwamba umeme umerudi.

Kuna chombo kimoja kisichochomolewa kila usiku, nacho ni friji yenye samaki au dawa. Friji ipewe prizi yake peke yake, wala isisukumwe mpaka kugusa ukuta, maana mgongo wake hutoa joto. Umeme ukikatika, ichomoe nayo. Ukirudi, ngoja dakika tano hivi kabla ya kuirudisha. Isidhaniwe kwamba friji haiwezi kuwaka kwa sababu ni baridi. Katika mji wa London, tarehe 14 Juni 2017, karibu saa saba usiku, moto ulianza kwenye friji ya jikoni katika jumba refu liitwalo Grenfell. Moto ulipanda ukutani kwa nje mpaka juu. Watu 72 walikufa.

Nyumba nyingine za pwani hazina waya wa umeme wa mto, bali zina sola na betri. Hao nao wana kazi ile ile. Betri iwekwe mahali penye hewa, mbali na godoro na nguo, na nyaya zake zifungwe imara.

7. Maji na umeme

Watu wa Uvira wanajua maji vema. Usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mvua kubwa iliujaza mto Mulongwe, ukatoka katika njia yake. Watu wengi walikufa na nyumba nyingi zilibomoka. Mwaka wa 2021, na tena mwaka wa 2024, ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za pwani.

Umeme hupita katika maji machafu kwa urahisi. Kwa hiyo mvua kubwa ikianza, na sakafu ikiwa bado kavu, chomoa vyombo, viinue juu ya meza, na mtu mzima ashushe swichi kubwa. Lakini maji yakiisha kuingia ndani, usikanyage maji hayo kwenda kuchomoa chombo. Kiache kipotee. Redio hununuliwa sokoni, mtoto hanunuliwi. Na waya ulioanguka chini barabarani, hata ukionekana kama umekufa, usiukaribie. Waonye wengine, kisha uwaite watu wazima.

8. Moto ukiisha kuwaka

Amsha watu wote kwa sauti kubwa. Mtu mzima ashushe swichi kubwa ya mita, kama aweza kuifikia bila kupita katika moto. Usimwage maji juu ya chombo chenye umeme: maji yaweza kuuleta umeme mpaka mkononi mwako. Mchanga mkavu ni bora. Moshi ukiwa mwingi, toka kwa kutambaa, maana hewa nzuri ipo chini karibu na sakafu. Ukiisha kutoka, usirudi ndani kuchukua kitu, hata mfuko wa shule.

Na mtu akishikwa na umeme, usimguse kwa mkono. Kata umeme kwanza. Kama haiwezekani, simama mahali pakavu, umsukume mbali kwa mti mkavu.

9. Mlinzi wa prizi

Tangu usiku ule, yule mwanafunzi wa Mulongwe alipewa kazi na baba yake. Kila jioni huzunguka nyumba na kuhesabu prizi: mbili katika chumba cha mbele, moja katika kila chumba cha kulala, moja ya friji. Akimaliza husema mbele ya wote, "Baba, makaa yamefunikwa." Baba hujibu, "Vema. Tulale."

Kazi hiyo haichukui hata dakika tatu. Nyanya alirudi zake mlimani baada ya majuma mawili, na kabla ya kuondoka aliiangalia meza ile yenye tundu. Baba alitaka kuibadilisha ubao. Nyanya akamwambia, "Iache hivyo. Tundu hili litawakumbusha nitakapokuwa mbali."

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maneno ya kujifunza

Prizi: mahali pa ukutani pa kuchomekea waya wa chombo.
Plagi: kichwa cha waya kinachoingia katika prizi.
Resho: chombo cha kupikia kwa umeme.
Kuchomoa: kuvuta kitu kutoka mahali kilipoingizwa.
Wati: kipimo cha nguvu ambayo chombo cha umeme hutumia.

Maulizo

1. Mama wa kijijini hufanya nini kabla ya kulala? Kwa nini?
2. Kwa nini hakuna aliyejua kwamba umeme umerudi usiku ule?
3. Nyanya alitaka kusema nini alipouliza juu ya makaa?
4. Taja hatari tatu za kuacha vyombo katika prizi usiku.
5. Chombo gani hakichomolewi kila usiku? Kitunzwe namna gani?
6. Maji yakiisha kuingia nyumbani, kwa nini haifai kwenda kuchomoa redio?

Hesabu

Kibao kimoja cha prizi chaweza kubeba wati 2,200 na si zaidi. Mama ameunganisha resho la wati 1,500 na pasi ya wati 1,000. Jumla ni wati ngapi? Je, kibao chaweza kuvibeba vyote viwili kwa wakati mmoja? Mama afanye nini?

Kazi ya nyumbani

Leo usiku, pamoja na mzazi wako, hesabu prizi zote za nyumba yenu na vyombo vilivyomo. Kama nyumba yenu haina umeme, mwulize mzee mmoja namna wanavyolaza moto wa jikoni. Kesho uwaeleze wenzako darasani.